Matamshi ya Petro

Ukumbi wa usharika, Majengo, juma la tano la Kwaresima.
Moto wa behewa la kuhani ni jiko lisilo na mkaa:
balbu moja, karatasi nyekundu ya kufungia zawadi,
na waya ambao Eliaika huuruka kila anapokuja kunishitaki.

Mimi ndiye Petro. Mchana nachomelea mageti Pasua,
ndevu zangu zanuka chuma,
na Mwalimu Semboja anasema hilo si neno, mvuvi lazima anuke kitu.
Kinachomkera ni mdomo.
"Dhambi," anasema. "Ulimi katikati ya meno. Dhambi."
"Zambi," nasema.
"Na usipandishe sauti mwishoni.
Sentensi yako inapanda kama barabara ya Mwika.
Petro hakutoka Mwika."

Kikundi kizima kinacheka. Nami nacheka,
maana kucheka ndiko kulikonilinda miaka sita Dar es Salaam,
nilipoulizwa, "Mangi, kwenu wapi?"
nikajibu kwa ulimi wa kuazima:
"Mimi? Wa hapa hapa."

Usiku narudia maneno yangu mbele ya ndoo ya maji.
Simjui.
Simjui mtu huyo.
Simjui huyo mnayemtaja.
Yananitoka laini mno. Najiuliza niliyafanyia wapi mazoezi.

Nikafungua Biblia ya marehemu bibi,
yenye risiti ya kahawa ya chama cha msingi ndani ya Zaburi,
nikitafuta mahali pa kuvuta pumzi
kati ya kukana kwa pili na kwa tatu.
Nikamkuta Mathayo ananingoja, kimya, kama deni.
Safari ile hawakumjua kwa sura wala kwa kanzu.
Walimjua alipofungua kinywa.
Mgalilaya! Usemi wake ulimchongea.
Kumbe mwamba naye alikuwa na lafudhi ya kwao.
Kumbe huko Yerusalemu, kwa wenye kusema sanifu,
naye aliulizwa kwao wapi,
na pale penye moto
maneno yake yalikana,
matamshi yake yakakiri.

Jumanne nikampelekea Mwalimu.
Akavua miwani, akasoma mara mbili,
akaupitisha ukucha chini ya mstari.
Ni mtu wa Muheza, Kiswahili kimemlea.
Akasema tu: "Basi Ijumaa ukane kama kwenu."

Ijumaa Kuu nikakana kama kwetu.
"Simjui." Sauti ikapanda yenyewe,
ikafika benchi la nyuma walipokaa kina mama wa Mwika na vitenge vyao,
na hakuna aliyecheka.
Anaeli, mtoto aliyepewa kuwa jogoo,
alikuwa amepitiwa na usingizi nyuma ya pazia.
Ikawa kimya ambacho hakimo katika mwongozo.
Nikasimama na uongo wangu mkononi, sina pa kuutua,
mpaka Eliaika akamgusa kwa kidole cha mguu,
naye akawika kwa kuchelewa,
sauti yenye usingizi, nusu kilio.
Mwongozo unasema: Petro atoke nje, kisha alie.
Sikufika nje.

Jina langu Ndekirwa. Kwa lugha ya bibi: nimeponywa.
Dar nilikuwa Derick.

Watu walipotawanyika tukakunja waya,
tukarudisha jiko kwa mama wa mahindi,
balbu ikiwa bado ya moto ndani ya mfuko wa koti langu.
Nikawaza alfajiri ile ya baadaye,
makaa mengine, kando ya ziwa, samaki wakiiva,
na swali lile linalouliza mara tatu.
Mara tatu alijibu, kwa mdomo ule ule.
Nimeisoma sura mpaka mwisho.
Hakuna mahali aliposahihishwa matamshi.